Chenji ya Rada: Nani Alilipa, Nani Alirudishiwa?



Kila taifa hujitungia misemo kutokana na yale yaliyolifika. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Watanzania walijipatia msemo mpya, nao ukaenea vijiweni, magazetini na hata ndani ya Bunge: "chenji ya rada". Aliye mbali na nyumbani akiusikia kwa mara ya kwanza huenda akacheka, kwani chenji ni zile sarafu anazokurudishia mwenye duka baada ya kupokea noti yako. Lakini msemo huu una uchungu ndani yake. Chenji yenyewe ilikuwa pauni milioni 29.5 za Kiingereza. Duka lilikuwa hapa hapa Uingereza. Na aliyekwenda dukani kuchagua bidhaa siye aliyetoa pesa mfukoni mwake.

Jumamosi moja, watoto wakiwa ndani kwa mwalimu wao wa Qur'ani, sisi wazazi tulikaa nje tukiwasubiri na chai yetu. Mzee mmoja katika sisi alitusomea ujumbe aliotumiwa na mdogo wake kutoka kijijini: shule ya mjukuu inadai kila mzazi atoe mchango wa dawati, na asiyetoa, mtoto wake atakaa chini. Mzee akaiweka simu mfukoni, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mimi nasafisha ofisi za watu usiku kucha. Kwanza naikata kodi ya serikali hii. Kisha kile kinachobaki nakipeleka kununua dawati la serikali ile. Basi niambieni, hizi serikali mbili zenyewe zinanunua nini?"

Hakuna aliyemjibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

BIDHAA NA BEI YAKE

Mwezi Desemba mwaka 2001 serikali ya Uingereza, chini ya Waziri Mkuu Tony Blair, ilitoa kibali kwa kampuni ya silaha ya BAE Systems kuiuzia Tanzania mtambo wa rada kwa pauni milioni 28. Fedha taslimu Tanzania haikuwa nazo. Ilikopeshwa na benki ya Barclays, nao mkopo una riba yake.

Tuutazame wakati wenyewe, kwa maana wakati ndio unaotufumbua macho. Mwezi Novemba mwaka huo huo, yaani mwezi mmoja tu kabla ya kibali hicho, Tanzania ilikuwa imekamilisha masharti ya mpango wa kuzipunguzia madeni nchi maskini kabisa, ikaahidiwa nafuu ya kiasi cha dola bilioni 3 katika miaka iliyofuata. Nafuu hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitokana na miaka mingi ya kubana matumizi, ya kupunguza wafanyakazi wa serikali na kuwatoza wananchi karo na gharama za hospitali, tangu Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Ilitokana pia na kelele za watu wa kawaida wa Ulaya, wakiwemo wengi wa mji huu, walioandamana kudai madeni yafutwe.

Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilifuta karo katika shule za msingi. Watoto wakamiminika. Walioandikishwa walikuwa chini ya milioni 5 mwaka 2001. Kufikia mwaka 2004 walikuwa wamezidi milioni 7. Shule zilijaa, vitabu vikawa haba, na maelfu kwa maelfu ya watoto wakajifunza kuandika wakiwa wamekaa sakafuni, daftari likiwa juu ya goti. Wastani wa pato la Mtanzania wakati ule haukufika dola 1 kwa siku. Hiyo ndiyo nchi iliyouziwa rada.

Haifai kumdhulumu mtu hoja yake. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilijitetea kwamba nchi huru, hata ikiwa maskini, ina haki ya kulijua anga lake na kuziongoza ndege zipitazo juu yake. Hoja hiyo ni ya kweli. Umaskini haumwondolei mtu haki ya kuwa na mlango na kufuli. Lakini kuna kufuli la mlango wa nyumba na kuna kufuli la hazina ya mfalme. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipoombwa kuupima mkataba huo, liliona kwamba mtambo wenyewe kwa asili ni wa kijeshi, kwamba hautoshelezi kazi ya kuongoza ndege za kiraia katika nchi nzima, na kwamba bei yake ni kubwa kupita kiasi. Yaani haki ya kununua kufuli ilitumiwa kama kisingizio cha kununua kitu kingine.

UGOMVI WA MAWAZIRI

Si kweli kwamba wakubwa wa London hawakujua. Walijua, na waligombana. Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, aliupinga mkataba huo waziwazi ndani ya Baraza la Mawaziri. Gordon Brown, aliyeshika hazina, naye hakuutaka. Upande wa pili walisimama wenye wizara za ulinzi na mambo ya nje, na juu yao Waziri Mkuu mwenyewe. Upande wa pili ukashinda.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa ajira: kwamba mtambo ulitengenezwa katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, na kwamba wafanyakazi wa huko wangepoteza kazi. Hapa yafaa tusimame kidogo. Mfanyakazi wa kisiwa cha Wight hana ugomvi na mtoto wa Bariadi wala wa Lindi. Wote wawili wanatafuta riziki. Lakini ndivyo mfumo wa kibepari unavyofanya kazi: humchukua mnyonge mmoja ukamfanya ngao ya kumpigia mnyonge mwingine, na faida inapogawanywa hakuna hata mmoja kati yao aitwaye mezani.

Serikali ile ile iliyokuwa ikijisifu mbele ya dunia kwamba inawafutia maskini madeni, mkono wake wa kuume ulikuwa unafuta na mkono wa kushoto unaandika. Bi Short alizuia kwa muda pauni milioni 10 za msaada kwa Tanzania kwa kuchukizwa na ununuzi huo. Fikiri, msomaji: muuzaji alipata fedha yake, na aliyeadhibiwa kwa kukosa msaada alikuwa mnunuzi, na ndani ya mnunuzi, aliyeumia si aliyetia saini.

MKONO WA TATU

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mwezi Januari mwaka 2007 gazeti la Guardian la hapa London lilifichua kwamba, nyuma ya mkataba ule, kulikuwa na fedha nyingine iliyopita njia ya uchochoroni. Ofisi ya Uingereza inayopeleleza udanganyifu mkubwa, ijulikanayo kwa herufi SFO, ikafuatilia. Mambo yaliyokuja kusemwa baadaye mahakamani ni haya.

Kati ya Januari 2000 na Desemba 2005 kiasi cha dola milioni 12.4 zililipwa kwa kampuni za dalali mmoja mfanyabiashara wa Tanzania. Thamani ya mkataba wote ilikuwa karibu dola milioni 40. Hivyo dalali alipewa kiasi kisichopungua sana theluthi moja ya bei. Sehemu kubwa ya fedha hiyo haikulipwa na BAE moja kwa moja, bali kupitia kampuni iitwayo Red Diamond, iliyoandikishwa katika visiwa vya ng'ambo ambako vitabu vya hesabu havifunguliwi kwa mtu. Na katika hesabu za BAE malipo hayo yaliandikwa kuwa ni ya "huduma za kiufundi".

Wakati huo huo, mwezi Aprili mwaka 2008, Andrew Chenge alijiuzulu uwaziri wa miundombinu baada ya kuripotiwa kwamba wapelelezi wa Uingereza walikuta zaidi ya dola milioni 1 katika akaunti yake kisiwani Jersey. Katika miaka ya mkataba wa rada yeye alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Alikana kwamba fedha hiyo ilihusiana na rada, wala hakuna mahakama iliyomtia hatiani, nasi hatuna haki ya kumhukumu. Lakini neno alilolitumia kuzitaja fedha zile liliwachoma wananchi kuliko fedha zenyewe. Aliziita "vijisenti". Mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa akisubiri mshahara wake mwisho wa mwezi, alilisikia neno hilo redioni. Mama muuza vitumbua alilisikia. Tangu siku ile Kiswahili kina neno la kuupima umbali uliopo kati ya mtawala na mtawaliwa.

MAHAKAMA YA SOUTHWARK

Wengi wetu hupita karibu na mahakama ya Southwark alfajiri, tukitoka au tukienda kazini, kando ya mto Thames. Tarehe 21 Desemba 2010, ndani ya jengo hilo, kampuni ya BAE ilisimama mbele ya Jaji Bean.

Haikushitakiwa kwa rushwa. Mwezi Februari mwaka huo kampuni ilikuwa imekwisha kukubaliana na SFO kwamba itakiri kosa moja tu: kutotunza hesabu zake ipasavyo. Kwa ajili ya hilo ingetoa pauni milioni 30, zigawanywe kati ya faini ya mahakama na malipo ya hiari kwa watu wa Tanzania. Jaji alijikuta amefungwa mikono na mapatano ambayo hakuyafanya yeye. Hata hivyo hakuficha maoni yake: alisema ni ujinga uliopita mipaka kuamini kwamba dalali yule alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri. Alitoza faini ya pauni 500,000, akijua kwamba kila senti atakayoiongeza katika faini itaingia hazina ya Uingereza na kupunguza fungu la Tanzania.

Yafaa tukumbuke kwamba kampuni hiyo ilikuwa na bahati kubwa zaidi kabla ya hapo. Mwezi Desemba mwaka 2006 upelelezi juu ya biashara yake ya silaha na Saudi Arabia ulisimamishwa, serikali ya Blair ikidai kwamba usalama wa taifa ungehatarishwa. Wanaharakati wa hapa London wanaopinga biashara ya silaha walikwenda Mahakama Kuu, wakashinda mwezi Aprili 2008. Miezi mitatu baadaye Mabwana wa Sheria wakaibatilisha hukumu hiyo. Kwa mizani hiyo, kesi ya Tanzania ilifika mahakamani kwa sababu Tanzania haikuwa na mafuta ya kumtishia mtu.

CHENJI INARUDI

Basi hukumu ikatoka, lakini fedha hazikutoka. Mwaka mzima wa 2011 ulipita. Kampuni iliunda jopo lake la kushauri namna ya kuzitoa, kana kwamba ni sadaka yake yenyewe. Wabunge wa Tanzania, wakiongozwa na Job Ndugai aliyekuwa Naibu Spika, walilazimika kupanda ndege mpaka London kuja kudai. Kamati ya Bunge la Uingereza nayo iliwakemea wakuu wa kampuni kwa ucheleweshaji. Hatimaye, mwezi Machi 2012, pauni milioni 29.5 zililipwa, zikatengwa kwa ajili ya vitabu vya shule za msingi na madawati.

Tusidharau. Kitabu ni kitabu, na mtoto aliyekipata hakuuliza kimetoka wapi. Lakini neno "chenji" linatudanganya. Mtu hupewa chenji akiwa ametoa pesa zaidi ya bei. Tanzania haikurudishiwa ziada. Ilirudishiwa fidia ya jambo ambalo muuzaji hakulikiri hata kwa jina lake. Zaidi ya hayo, fedha ile ile ingalikuwapo mwaka 2001, watoto milioni 2 walioongezeka shuleni baada ya karo kufutwa wangaliikuta. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002 alimaliza darasa la saba mwaka 2008. Vitabu vya chenji vilipofika, yeye alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, pengine dereva wa bodaboda, pengine mmoja wa vijana tunaowaona wakija huku kwa njia tusizopenda kuzitaja. Hakuna chenji ya miaka saba ya utoto.

KISHA IKAJIRUDIA

Mtu angedhani funzo limepatikana. Uingereza ilitunga sheria mpya ya rushwa mwaka 2010, ikaanza kutumika Julai 2011. Lakini katika mwaka 2012 na 2013 serikali ya Tanzania ilitaka kukopa dola milioni 600 katika masoko ya fedha ya dunia, na kazi ya kuutafuta mkopo ikapewa benki ya Standard ya London pamoja na tawi dada lake la Stanbic la Dar es Salaam. Ada ya benki ilipangwa iwe asilimia 1.4. Ikapandishwa hadi 2.4. Ile asilimia 1 iliyoongezeka, yaani dola milioni 6, ilipelekwa kwa kampuni ya hapo nyumbani iitwayo EGMA, ambayo mmoja wa wenye hisa zake alikuwa mkuu wa mamlaka ya mapato ya nchi. Haikuonekana kazi yoyote ambayo kampuni hiyo iliifanya. Fedha zilipoingia zilitolewa taslimu kwa haraka kubwa, hata wafanyakazi wa kawaida wa benki pale Dar es Salaam wakashituka na kutoa taarifa.

Tuwape heshima yao wafanyakazi hao, kwa sababu bila wao huenda tusingalijua. Mwezi Novemba mwaka 2015 benki ya Standard ilikubaliana na SFO mbele ya mahakama kulipa zaidi ya dola milioni 25 kwa Uingereza, na kuirudishia Tanzania kiasi cha dola milioni 7. Hesabu ni nyepesi hata kwa mtoto wa darasa la nne: aliyeibiwa alipata 7, na nchi ya mwenye benki ikapata 25.

KOSA NI LA NANI?

Katika vikao vyetu husikika majibu mawili. La kwanza husema: hawa wazungu ndio wabaya, wametunyonya tangu enzi za wakoloni. La pili husema: la, sisi wenyewe viongozi wetu ni wezi, tusimsingizie mtu. Wanaoyasema hubishana mpaka chai inapoa.

Ukweli ni kwamba majibu hayo mawili ni nusu mbili za jambo moja. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Rushwa ya Dar es Salaam haiwezi kutembea bila ya benki ya London, bila ya kampuni ya visiwani, bila ya mwanasheria wa kuandika karatasi na waziri wa kutia saini kibali. Na kampuni ya London haiwezi kuuza rada isiyohitajika bila ya mtu wa kuifungulia mlango kutoka ndani. Kikulacho ki nguoni mwako, ni kweli. Lakini nguo yenyewe ilishonwa wapi?

Tukiitazama hivyo tunaona kwamba mstari haukupita kati ya mweusi na mweupe, wala kati ya Mwislamu na asiye Mwislamu. Umepita kati ya wenye kuamua na wenye kulipa. Upande wa wenye kuamua wapo Waingereza na Watanzania, nao wanaelewana vizuri bila mkalimani. Upande wa wenye kulipa yumo yule mtoto wa sakafuni, yumo mlipa kodi wa Uingereza ambaye msaada wake ulikwenda kuziba tundu lililotobolewa na kampuni ya nchi yake, na yumo mzee wetu wa fagio la usiku, ambaye amelipa huku na huku.

Mali ya umma ni amana. Hakuna kati yetu asiyejua uzito wa neno hilo, kwani ndilo tunalowafundisha watoto kabla hawajajua kuhesabu. Basi na tuache kulifikiri kuwa ni neno la nyumbani na msikitini tu. Linawahusu mawaziri, mabenki na mikataba.

YATUPASAYO

Mzee wetu aliuliza swali, na swali lisilofuatwa na kitendo hubaki kuwa manung'uniko. Yapo mambo tunayoweza kuyafanya kuanzia juma lijalo.

Kwanza, kura. Wengi katika sisi hawajui kwamba raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, yaani Tanzania, Kenya na Uganda miongoni mwao, aliye na kibali halali cha kukaa Uingereza, anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la hapa, hata kama hajachukua pasipoti ya Kiingereza. Ndugu zetu wa Kongo na Somalia hawana haki hiyo mpaka wapate uraia. Basi tuliyo nayo tuitumie kwa niaba yao pia. Inasikitisha kuona mtu amekaa Newham au Brent miaka kumi na mitano bila kupiga kura hata mara moja, akidhani kwamba hana haki.

Pili, mbunge. Kila mbunge wa mji huu hukaa ofisini siku maalumu kuwasikiliza wakazi wa jimbo lake. Tumezoea kwenda kwake kwa mambo ya viza na nyumba tu. Twende pia tukamwulize: vibali vya kuuza silaha kwa nchi zetu vinatolewa kwa kipimo gani? Fedha zinazotozwa makampuni kwa ajili ya makosa yaliyofanyika Afrika, zinakwenda wapi?

Tatu, nyumbani. Wakenya walioko Uingereza walipata kumpigia kura rais wao kutokea hapa mwaka 2022. Watanzania hadi uchaguzi wa mwaka 2020 hawakuwa na njia hiyo. Anayepeleka fedha ya dawati kila muhula amestahili kuulizwa maoni yake. Nasi tunapopeleka mchango wa dawati, tuupeleke na swali ndani yake: halmashauri ilipata nini, na ilinunua nini?

Juma lililopita mzee wetu alitutaarifu kwamba dawati limekwisha kununuliwa, na mjukuu amelikalia. Alifurahi, nasi tukafurahi naye. Kisha akasema kwamba amekwenda kuandikisha jina lake kwenye daftari la wapiga kura, kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii. "Dawati nimenunua," akasema. "Sasa nataka risiti."